Herufi Nene za Duka la Baba

Castelmorra,
Jumapili, 2 Septemba 1979

Dada yangu mpendwa Donata,

Pokea salamu zetu sote, nyingi kuliko zabibu za mwaka huu, na za mwaka huu zimeinamisha matawi. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Torino, na kwamba kile kikohozi cha Ninetta kimekwisha. Sisi huku ni wazima. Baba anakula, analala, anabishana na redio kama kawaida yake. Macho yake ndiyo yale uliyoyaacha Pasaka, au niseme yamepungua tena kidogo: uso wa mtu anauona, gazeti halioni, na chumvi mezani anaitafuta kwa vidole. Goti langu limepona. Paka amezaa, safari hii ndani ya droo ya alama za kuuliza, na Baba amekataza watoto wake wasihamishwe mpaka wafungue macho.

Sasa kaa chini. Kama umesimama jikoni, zima jiko kwanza. Nina habari, na mkono wangu unakimbia mbele ya kichwa, kwa hiyo mwandiko ukikushinda usinicheke. Yule bwana wa Napoli mliyemtafuta wewe na shemeji, anayenunua herufi za mbao na kuwauzia watu wa mijini mojamoja wazitundike ukutani juu ya kochi, ameondoka mikono mitupu. Duka la Baba la uchapaji halikuuzwa. Nimeanza na mwisho kwa makusudi, ili usiruke kurasa. Nakujua.

Huwezi kuwa umezisahau zile herufi za mbao za Babu tulizoziita Wanene. Tulizipanga sakafuni tukiwa wadogo, na wewe ulikuwa ukinyang'anya O kila siku. Nguzo zake zina upana wa vidole vitatu, halafu ghafla unakuja mstari mwembamba kama uzi wa kushonea, halafu nguzo tena. Hakuna cha katikati. Na kila nguzo imesimama juu ya ubapa mwembamba ulionyooka, kama mtu mzito aliyevaa viatu vya harusi. Ukitaka kueleza jambo refu, chukua zile ndogo za madini ya risasi. Wanene hawaelezi, wanaita. Ndiyo maana Baba aliwawekea sheria: jina la marehemu kwenye bango la msiba, na jina la mtakatifu wetu San Rocco mara moja kwa mwaka, siku ya sikukuu yake, basi. Watu wa vyama walikuja wakati wa uchaguzi wakapewa herufi nyembamba. Mwenye jibini alifukuzwa kabla hajamaliza kusema jibini.

Lakini Wanene walikuwa wamechoka. A zilipasuka, E mbili zililiwa na mdudu, na R ilibaki moja tu, kwa hiyo tangu mwaka juzi marehemu mwenye R mbili ilibidi karatasi yake ipite mashineni mara mbili. Basi dada, majira ya baridi mawili na kiangazi hiki nimekuwa nikichonga wengine. Sikukuandikia kwa sababu ungeniuliza nitaolewa lini. Mpeasi wa Mjomba ulioangushwa na upepo nilipasua mbao zake, nikazikausha, nikaanza na I, kwa kuwa I hata mjinga huiweza. Mwanzoni niliiga tu za zamani. Kisha nikaona kasoro zake: mistari myembamba imezidi wembamba ndiyo maana inavunjika, na S inaangukia nyuma. Nikathubutu kurekebisha. Tumbo la R nimelishusha, na mguu wake nimeupa mpindo ukanyage mbele, kama anayekwenda dansini. C yangu inaishia na tone zito, unaona kabisa lina uzito. O nimeichonga mara saba. Saba, Donata, na zile sita tumezichomea viazi.

Nilipomaliza nikampelekea Baba. Alipitisha vidole juu ya R polepole, juu, chini, mpaka kwenye unyayo, akasema ni mbao nzuri. Mbao nzuri, basi. Nikamwambia sijamletea mbao, nimemletea herufi. Akanijibu kuwa herufi haijulikani mkononi, inajulikana ukutani, na kwamba yeye hajawahi kusikia mkono wa mwanamke ukichonga herufi inayosomeka ng'ambo ya uwanja. Nilikasirika, wewe unanifahamu. Nikasema basi nijaribu kabla mtu wa Napoli hajaja. Baba akafikiri kidogo, kisha akatoa neno lake. Nibandike bango moja tu, kwenye ukuta wa duka la dawa. Mtu aliyesimama ngazi ya juu ya kanisa, asiye na miwani na asiye na haja ya kusoma, akilisoma, mtu wa Napoli atarudishwa alikotoka. Asipolisoma, Jumatatu masanduku yanapakiwa, nami nikatafute kazi mjini Potenza. Ilikuwa Jumatano. Nilikuwa na siku tano na sikuwa na mteja.

Mteja akaja Alhamisi, na alikuwa Mzee Mincuccio mwoka mikate, yule aliyekuwa jeshini na Baba. Amejenga tanuri jipya Mtaa wa San Biagio na alitaka bango la kulifungua Jumapili. Baba alikuwa amelala. Nikamwonyesha herufi nyembamba, akatikisa kichwa. Nikamwonyesha za mshazari, akaniuliza kama nadhani anauza leso. Alitaka Wanene. Nikamkumbusha sheria. Sikia alivyonijibu, maana nimecheka na nimelia kwa maneno hayo hayo: "Binti Canio, miaka sitini nasoma majina ya wenzangu waliokufa kwenye ule ukuta wa duka la dawa. Langu likibandikwa, mji mzima utalisoma isipokuwa mimi. Nipe sasa ningali na macho."

Ungemkatalia? Mimi sikuweza. Na nisijifanye mtakatifu, nilikuwa nalitaka bango hilo kuliko yeye. MINCUCCIO TELESCA: C nne ndani ya jina moja, na matone yake yote, na O ile ya saba. Nilipanga Ijumaa yote mlango ukiwa umefungwa, nikamwambia Baba nachapa kadi za ubatizo. Jina nililikalisha juu, mistari miwili, limejaa karatasi ukingo kwa ukingo. Chini yake, kwa herufi ndogo: anawakaribisha wote kesho Jumapili, saa nne, baada ya misa, Mtaa wa San Biagio. Kisha nikaona ukurasa unaelea, hauna pa kushikia. Weusi mwingi namna ile unahitaji ukuta wa kuegemea. Nikauzungushia fremu. Nyeusi. Kwa jicho la mchapaji ilikuwa sahihi kabisa, na mchapaji aliyekuwa zamu siku hiyo hakuwa na jicho jingine.

Jumamosi saa moja asubuhi nikalibandika kwenye ukuta wa duka la dawa kwa gundi ya unga, nikarudi dukani kunywa kahawa, nimefurahi kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Sikukaa kulitazama kwa sababu niliogopa. Baba alikuwa ameshatoka kwenda misa ya asubuhi.

Unajua watu wetu wanavyosoma ukuta ule. Wanaona Wanene na fremu nyeusi, wanasoma jina, wanapiga ishara ya msalaba, wanakwenda nyumbani kubadili nguo. Mengine wanayajua: kesho, saa fulani, wote mnakaribishwa. Nani huku kwetu aliwahi kusoma bango la msiba mpaka chini? Bwana dawa alifungua duka lake, akaona, akafunga nusu mlango kwa heshima. Wanawake waliotoka misa walisimama, wakashika vifua. Mpaka saa mbili mji mzima ulikuwa unajua kuwa Mincuccio amekufa, na nusu yake walikuwa wanajua na ugonjwa uliomuua. Mwalimu mstaafu alieleza barazani kuwa aliliona tangu mwezi wa tano, rangi ya uso ilishamtoka.

Wakaanza kupika. Nyumba ya msiba haiwashi moto, jirani ndiye hupika, na hakuna mwanamke wa Castelmorra anayekubali kuwa wa pili. Supu ya kuku, tambi za tanuri, mayai, kahawa ndani ya chupa, vyote vimefunikwa vitambaa vyeupe, vikapanda Mtaa wa San Biagio kwa msafara. Walipofika pale juu, bomba la moshi la Mincuccio lilikuwa linafuka kama meli. Nilisimuliwa baadaye kuwa wote walisimama. "Hata maiti haijapoa," akasema mmoja, "wanaoka?" Mwingine akamtetea mjane, akasema huenda ni mkate wa sadaka. Hapo mlango ukafunguliwa, akatoka Mincuccio mwenyewe, unga kuanzia nywele mpaka kope, mweupe pe, akauliza mbona wamekuja leo na yeye amesema kesho.

Mke wa bwana dawa alianguka na supu yake. Wengine watatu walitupa sahani. Mke wa Mincuccio, Carmosina, alikuwa ametoka gulioni kwa basi la saa tatu, na kila aliyemkuta njiani alimkumbatia na kumwambia awe na moyo. Alifika kwake ameshikiliwa na wanawake wanne, analia kwa sauti, akamkuta mumewe mlangoni akila tambi za msiba wake. Alimpiga na kikapu cha biringanya. Kisha akamkumbatia, kisha akampiga tena.

Mimi yote haya sikuyajua bado. Habari ya kwanza niliipata kwa Baba. Aliingia dukani saa mbili na nusu bila kofia, akapita bila kunisalimu, akaenda kabatini, nikamwona anatafuta tai nyeusi kwa kupapasa. Nikamuuliza nani amekufa. Akasema Mincuccio, na machozi yakamtoka. Akasema alikuwa ngazi ya juu ya kanisa anashika ukuta ashuke, akageuza uso upande wa duka la dawa, akaona jina la rafiki yake, na hakuna aliyekuwa na ubinadamu wa kumwambia kwanza.

Dada, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwambia yuko hai. Nikamwambia ni tanuri. Nikamwambia ni mimi. Alisimama na tai mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nivunje kioo cha mashine nikiwa na miaka tisa niliona kama atanipiga. Akasema nimemuua Mincuccio kwa mikono yangu, kwa jina la duka lake, kwa kiburi changu. Akasema sheria ile hakuitunga kwa ubahili, aliitunga kwa sababu anazijua zile herufi zinavyofanya. Halafu akanyamaza katikati ya neno.

Akaniuliza: "Ulichapa kwa za Babu?"

Nikasema hapana, Baba, ni zangu.

Aliweka tai mezani, akatoka, nami nikamfuata kwa mbali. Hakwenda ukutani. Alipanda ngazi za kanisa moja moja mpaka juu, akageuka, akasimama palepale alipokuwa asubuhi. Nilimwona midomo yake inachezacheza. Alikuwa anasoma, Donata. Baba yetu, ambaye tangu Januari barua, kalenda na hata jina lake kwenye kopo la dawa namsomea mimi, alikuwa anasoma ng'ambo ya uwanja bila miwani. Alisoma mara ya pili kwa sauti. Aliposhuka aliniambia tu kwamba C zangu zinameza hewa kidogo mno tumboni na nizipanue. Nikajua nimeshinda, nikakimbia nyuma ya duka la dawa nikalia peke yangu.

Nilipanda kwa Mincuccio kuomba radhi, nikidhani nitarushiwa jiwe. Nikakuta sherehe. Chakula cha msiba kilikuwa kimetandazwa kwenye meza za mikate, mkate mpya unatoka, watu wanakula na macho mekundu. Mincuccio amekaa kwenye kiti mbele ya mlango, anapokea rambirambi zake mwenyewe na kuuliza nani alilia na nani hakulia. Aliponiona aliinuka akanibusu paji la uso, akanipaka unga. Na pembeni yake, mkono ameushika, alikuwa Savino ndugu yake. Walikuwa hawajasemezana miaka tisa, wewe unajua, kwa ajili ya ule ukuta wa shamba. Savino alikimbia kutoka shambani na viatu vya matope, akafika analia kuwa hakuwahi kumwambia, hakuwahi kumwambia, na Mincuccio akamuuliza kumwambia nini. Savino akajibu kuwa amesahau. Wakaanza kucheka wote wawili, na sasa ukuta wanaubomoa wakati wa mavuno.

Jumatatu bwana wa Napoli akaja na gari lake. Baba alimpa kahawa na mkate wa Mincuccio, akamwambia safari yake imekuwa ya kutalii. Yule bwana hakukata tamaa, akaiona R yangu mezani, akaichukua, akaigeuza, akasema hizi mpya atazilipia zaidi ya zile za zamani. Baba akaichukua mkononi mwake akairudisha kwenye sanduku. Akamwambia, "Hizi za binti yangu hazitundikwi, zina kazi." Nimeyaandika maneno hayo nyuma ya mlango.

Sasa, dada yangu, nimefika mahali ambapo mkono umeacha kukimbia. Kuna jambo nimekuficha, na Baba nilimficha, na sikuweza kulala nalo tena baada ya kumwona Savino.

Barua yako ya Julai nilimsomea Baba mimi, kama zote. Ulisema duka liuzwe, hilo nilisoma. Ulisema bei ni nzuri, nikasoma. Kisha nikaruka. Niliruka pale uliposema kuwa si duka unalolitaka, unamtaka yeye, kwamba chumba kipo na dirisha lake linatazama jua. Niliruka pale uliposema kuwa ukisikia mzee anazungumza kama kwetu kwenye tramu unashuka naye kituo chake, hata kama si chako, umsikilize kidogo. Nikamalizia na salamu za watoto, nikaikunja. Nilijua nikiyasoma hayo Baba atafunga duka siku hiyo hiyo aje kwako, na herufi zangu zilikuwa zimefika N. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine nzuri zaidi. Miezi miwili Baba aliamini kwamba wewe unauza duka lake kama mtu anavyouza kitanda cha marehemu. Alisema maneno juu yako ambayo sitayaandika, na mimi nilikaa nikiyasikia, nachonga.

Jumanne nilichukua barua yako nikayapanga maneno yale yote kwa Wanene. Nilisema hawaelezi, niliwalazimisha. Neno moja kwa karatasi, mawili yakiwa mafupi, karatasi arobaini na tatu. Nikazibandika kuta zote nne za duka, juu ya kabati, juu ya mlango, kuzunguka mashine. Asubuhi Baba aliingia akasimama. Akaanza upande wa dirisha, akitembea, mkono mgongoni, anasoma kwa sauti neno baada ya neno kwa sauti yake mwenyewe. Kwenye tramu alisimama muda mrefu. Alipomaliza alirudi dirishani akasoma tena. Kisha akaniuliza nani aliyaficha, nikasema mimi. Hakunisemesha mpaka Ijumaa, na nilistahili zaidi ya hapo.

Jana aliniambia nitoke nje na nifunge mlango. Nilikaa kizingitini nikasikia droo zinafunguliwa, moja, nyingine, kwa kupapasa, kisha mashine ikageuka mara moja tu. Alitoka na karatasi moja, wino haujakauka, akaniagiza nikutumie nisiongeze kitu. Imo humu ndani, nimeikunja mara nne. Haitaenea mezani kwako, itandaze sakafuni. Ana maneno mawili tu ya kukujibu, yamekwenda upande kidogo kwa sababu aliyapanga bila kuona, lakini ukiwa mlango wa pili utayasoma: NJOO WEWE.

Yeye amekataza nisiongeze, basi langu naliweka hapa kwa kalamu, dogo kama linavyostahili. Nisamehe.

Mbusu Ninetta na mdogo wake, mpe shemeji mkono wangu. Mzee Mincuccio anakusalimu, anasema yu hai na anasubiri barua yako ya rambirambi. Baba amelala kitini, hajui kama nimefika mwisho, na sitamwamsha.

Mdogo wako akupendaye,
Incoronata